Birika la Mzee Bwanaheri Limepoa

Bi Mwanarusi: Haloo. Nani huko?

Kenga: Haloo, Bi? Ni mimi, Kenga. Fundi Kenga wa maji ya juani.

Bi Mwanarusi: Waona nilivyo mwepesi, mwanangu? Nyumba hii simu haipati kulia mara mbili. Mlio wa kwanza tu, mie nishaishika.

Kenga: Imelia sana, Bi. Nilikuwa karibu kukata.

Bi Mwanarusi: Basi wa kwanza niliousikia. Sikio hili la kulia siku hizi lafanya kazi likipenda.

Kenga: Shikamoo, Bi.

Bi Mwanarusi: Marahaba. Hujambo? Mkeo Nyevu hajambo?

Kenga: Hajambo, akusalimu sana. [mkwaruzo] Bi, makiwa. Siku ya maziko nilikuwako, jeneza nililibeba mpaka makaburini, lakini ndani kwako sikufika, niliona—

Bi Mwanarusi: Tunayo, mwanangu. Niliambiwa ulikuja. Niliambiwa pia kanzu ilikuishia magotini.

Kenga: Ilikuwa ya kuazima. Ya rafiki yangu Jefwa.

Bi Mwanarusi: Jefwa na wewe ni kama kikombe na ndoo. Bwanaheri angekucheka mpaka akohoe.

Kenga: Angenicheka kweli.

Bi Mwanarusi: Haya. Wapiga kutoka wapi? Nasikia vyuma.

Kenga: Niko karakana, huku Kilindini. Natumia simu ya tajiri wangu. Amekwenda Bondeni kula biriani, nimemweka mwenzangu Ogutu mlangoni anitazamie. Nimepata salamu zako kwa Menza uliyemtuma, amesema lile birika la Mzee la kuogelea limepoa.

Bi Mwanarusi: Limepoa. Tena baridi ya kisima, si baridi ya kusema mtu atazoea.

Kenga: Tangu lini?

Bi Mwanarusi: Tangu... tangu tu.

Kenga: Tangu Mzee alipofariki?

Bi Mwanarusi: Siku zile zile. Sijui mie, wewe ndiwe fundi.

Kenga: Ningekuja mwenyewe leo jioni nikitoka kazini. Si mbali, napita Makadara nashuka—

Bi Mwanarusi: Waja wapi? Nakaa eda, Kenga. Mwanamume asiye wangu hapiti mlango huu mpaka eda iishe, nayo haijafika hata nusu. Muuza samaki hunitupia samaki kizingitini akakimbia, mtu akimwona adhani ameiba, kumbe ameleta.

Kenga: Na kwenye simu si haramu?

Bi Mwanarusi: Simu haina macho. Wala sikumwuliza mtu. Nikiuliza nitajibiwa.

Kenga: Haya, Bi. Lakini kama ni maji tu, hayawezi kungoja eda iishe? Mgonjwa mwenyewe ndiye hayupo tena, ndiyo nauliza.

Bi Mwanarusi: Yangengoja. Chonga ndiye hangoji.

Kenga: Chonga mwanao?

Bi Mwanarusi: Wa tumboni kabisa, ingawa siku hizi natia shaka. Amekuja juzi, kasimama uani, asema birika lazaa mbu. Nikamwambia mbu hawataki maji ya moto. Akainama akatia mkono, akautoa. "Mama, haya ndiyo maji ya moto?" Nikasema kuna kitu kimeharibika, fundi atatengeneza.

Kenga: Akasemaje?

Bi Mwanarusi: Akasema Ijumaa baada ya sala aja na mikokoteni ya kifusi. Atatia mkono mara nyingine. Akikuta moto, ataliacha, kwa heshima ya babake. Akikuta baridi, atalifukia siku hiyo hiyo, apige sakafu juu yake, niweze kuanika nguo. Mie nina nguo ngapi za kuanika? Nyeupe hizi za eda, nazo zikauka kwenye kamba ya dirishani.

Kenga: Ijumaa hii?

Bi Mwanarusi: Ijumaa hii. Keshokutwa.

Kenga: [mkwaruzo] ...asifukie, Bi. Lile birika tulilichimba kwa—

Bi Mwanarusi: Nini? Simu yakwaruza.

Kenga: Nasema asifukie. Nakumbuka majirani walivyotucheka.

Bi Mwanarusi: Walicheka mpaka wa barabara ya pili. "Bwanaheri apasha maji moto Mombasa, mwakani atapeleka vumbi Voi." Hawakujua daktari alivyosema. Nusu ya mtu imelala, mguu wa kulia ni kama wa kuazima, daktari asema viungo vitaamka ndani ya maji ya moto, si ya baridi, kila siku. Maji ya mfereji msimu wa upepo wa kusi yalikuwa yakimfanya atetemeke nusu moja tu. Umewahi kumwona mtu akitetemeka nusu?

Kenga: Nilimwona, Bi.

Bi Mwanarusi: Ndipo ukaja wewe na mipira yako myeusi ya maji, ukaitandaza darini, juani.

Kenga: Basi tusikae. Tufuate maji yanavyokwenda, kutoka birikani mpaka darini mpaka yarudi. Pampu umeiwasha?

Bi Mwanarusi: Kila asubuhi naiwasha. Swichi ni kazi yangu. Yalia sasa hivi, hebu nikusogezee simu. [simu inasogezwa, mvumo mwembamba] Waisikia?

Kenga: Naisikia.

Bi Mwanarusi: Kama paka aliyeshiba.

Kenga: Eeh. Imetulia. Imetulia mno. Bi, ile koki—

Bi Mwanarusi: Ngoja, nisije nikasahau. Chujio nimelisafisha.

Kenga: Lini?

Bi Mwanarusi: Jana. Nimelifungua vile ulivyonifundisha, nimezima stima kwanza, nimegeuza kifuniko kwa kitambaa. Nimekuta majani ya mkungu wa jirani, na nywele, na kifungo.

Kenga: Kifungo?

Bi Mwanarusi: Cha fulana ya Bwanaheri. Ile aliyokuwa akiogelea nayo, maana alikuwa na haya hata mbele yangu. Kitambo kirefu, watoto na wajukuu, bado ana haya. Nilimtafutia kifungo kile chini ya kitanda, chini ya jamvi, nikamlaumu paka wa watu. Kumbe kilikuwa ndani ya chujio chako.

Kenga: Umekitupa?

Bi Mwanarusi: Nimekitia kwenye kibweta changu. Chujio safi. Sema jingine.

Kenga: Maji yenyewe yamefika kwenye mdomo wa bomba la kuvutia? Yakishuka chini yake, pampu huvuta hewa.

Bi Mwanarusi: Yamefika yamepita. Naongeza ndoo mwenyewe.

Kenga: Birika halivuji?

Bi Mwanarusi: Kinachovuja nyumba hii si birika.

Kenga: Pole, Bi.

Bi Mwanarusi: Nasema paa la jikoni. Endelea.

Kenga: Haya. Na usiku unalifunika kwa lile turubai? Maana mwaka huu kusi lavuma usiku kucha, joto lote—

Bi Mwanarusi: Nalifunika. Nalivuta peke yangu, kona moja baada ya nyingine. Zamani tulikuwa wawili, yeye akishika kona kwa mkono wa kushoto na kunipa amri kwa zote mbili.

Kenga: Kwa hiyo bado ile ko—

Bi Mwanarusi: Au vumbi. Kenga, yawezekana ni vumbi. Mipira darini imejaa vumbi, jua halipenyi.

Kenga: Vumbi hupunguza joto, haliliui. Bi, waweza kupanda darini?

Bi Mwanarusi: Goti langu moja liko hapa, jingine limehamia Lamu. Lakini kwa amri yako nitapanda.

Kenga: Taratibu. Usitoke nje, fungua tu kile kidirisha, uguse mipira. Kisha uje uniambie.

Bi Mwanarusi: Hata kutoka singetoka. Wale mafundi wa jirani wako juu wanapiga chokaa, waone mjane darini anapapasa mipira, kesho ni hadithi mji mzima. Ngoja hapo. Usikate.

[Simu inawekwa mezani. Nyayo, ngazi, "yallah, yallah". Pampu.]

Kenga: Ogutu. Bado hajaja? ...Akija piga mluzi. ...Ni mama mmoja wa Mji wa Kale, mumewe alikuwa ananiita mwanangu. Hapana, si kazi ya pesa. Tazama barabara wewe.

[Nyayo. Pumzi.]

Bi Mwanarusi: Haloo.

Kenga: Nipo, Bi.

Bi Mwanarusi: Nimeunguza kidole.

Kenga: Mipira ni moto?

Bi Mwanarusi: Nusura niache ngozi. Hata mjusi hakai juu yake. Ukidhani jua limechoka, nenda kaliguse mwenyewe.

Kenga: Haivuji? Haikupasuka mahali?

Bi Mwanarusi: Mikavu, mizima, imepangwa kama ulivyoipanga.

Kenga: Bi, nisikilize vizuri. Mipira ile maji yakipita ndani yake hushikika. Huwa na joto, lakini joto la mkono, kwa sababu maji huuchukua ule moto yakashuka nao. Ikikuunguza, maana yake moto umekaa palepale, hauna wa kuuchukua.

Bi Mwanarusi: Masikini.

Kenga: Jua lipo. Mipira mizima. Pampu inavuta, chujio safi. Maji hayapandi tu. Yanatoka kwenye pampu, yanageukia njiani, yanarudi birikani baridi kama yalivyotoka.

Bi Mwanarusi: Labda ndege ametaga ndani ya bomba.

Kenga: Bi.

Bi Mwanarusi: Au hewa. Wewe mwenyewe uliniambia hewa ikiingia huziba.

Kenga: Hewa ingetoa mapovu pale maji yanaporudia. Kuna mapovu?

Bi Mwanarusi: Lipo povu.

Kenga: Mapovu, Bi. Mengi.

Bi Mwanarusi: Moja. Dogo. Sasa limepasuka.

Kenga: Kuna mahali pamoja tu ambapo maji yale yanaweza kugeukia. Na wewe wapajua.

[mkwaruzo]

Kenga: Koki, Bi. Ile nyekundu, chini ya ngazi. Mkono wake umeelekea wapi?

Bi Mwanarusi: Sikuitazama.

Kenga: Umepita mbele yake sasa hivi. Kwenda na kurudi.

Bi Mwanarusi: Nilikuwa natazama miguu yangu. Mtu wa umri wangu akipanda ngazi hatazami mandhari.

Kenga: Katazame, tafadhali.

Bi Mwanarusi: Sina haja ya kwenda.

Kenga: Basi niambie huo mkono ulipo.

Bi Mwanarusi: Umeelekea Kilindini.

Kenga: Na hivi ni mchana, jua kali.

Bi Mwanarusi: Mchana, jua kali.

Kenga: Mzee mwenyewe ndiye aliyesema tuiweke hivyo asikosee. Nilitaka kuandika kwa rangi, akakataa. Akasema, "Kenga, asubuhi naielekeza kibla, maji yapande darini. Jioni naielekeza Kilindini, yazunguke chini." Maana tukiiacha wazi usiku, mipira ile ile iliyopasha mchana huyapoza maji usiku.

Bi Mwanarusi: Nayajua hayo. Swichi yangu, koki yake. Niliposhika swichi asubuhi nilikuwa nasikia mguu ukiburuzwa. Shh, hatua. Shh, hatua. Kisha anagonga bomba kwa kidole, mara moja, kunijulisha. Mie naitikia "haya", hata kama niko jikoni na hanisikii.

Kenga: Nilimwekea ile koki chini kidogo, aifikie kwa mkono wa kushoto bila kuinua bega.

Bi Mwanarusi: Alijivunia sana. Mgeni akija, chai hajainywa, keshaonyeshwa koki.

Kenga: Na jioni ile ya mwisho—

Bi Mwanarusi: Jioni ile alitoka majini, amechoka, nimemkausha. Nikamwambia, leo pumzika, koki nitafunga mie. Akanitazama. "Wewe? Wewe utaielekeza Lunga Lunga." Akaenda mwenyewe. Shh, hatua. Akaifunga, akagonga bomba. Nikasema haya.

Kenga: Bi—

Bi Mwanarusi: Asubuhi nikawasha swichi. Nilikuwa nishamwacha kitandani, nilidhani amelala. Nikasimama pale swichini na mkono juu. Nikangoja mguu.

[kimya]

Bi Mwanarusi: Nikangoja tu.

Kenga: Pole, mama yangu.

Bi Mwanarusi: Hata nilikasirika. Nikasema, mzee huyu leo amedeka.

[pampu kwa mbali]

Kenga: Kwa hiyo hakuna kilichoharibika.

Bi Mwanarusi: Mie nimekwambia kimeharibika.

Kenga: Ulijua ni koki tangu siku ya kwanza.

Bi Mwanarusi: Nilitaka iwe kitu kingine. Nilidhani fundi ana akili, atapata kitu kingine. Kipira kimechakaa, au kitu ndani ya pampu, kitu cha kubadilishwa. Ukalete, Chonga akiweke, maji yapate moto, na koki ibaki.

Kenga: Ibaki vilevile.

Bi Mwanarusi: Kenga, kila kitu nyumba hii kimeguswa. Shuka wameziosha siku ya pili, nilikuwa bado nalia nazo. Kanzu zimegawiwa. Bakora kapewa mzee wa msikitini. Chonga amesogeza kiti. Wote wanafanya wema, siwasemi. Lakini hiyo koki hakuna aliyeijua, hakuna aliyeiona. Iko alivyoiacha, na mkono wake.

Kenga: Nimtume Nyevu aje kuifungua? Ni mwanamke, eda haimzuii. Itakuwa si wewe.

Bi Mwanarusi: Asiiguse mtu.

Kenga: Na Ijumaa?

Bi Mwanarusi: Ijumaa ni mbali.

Kenga: Ni keshokutwa. Chonga atatia mkono, atakuta baridi, atafukia. Birika, bomba, na hiyo koki pia itazama ndani ya saruji.

[mvumo wa pampu]

Kenga: Bi, mimi si mtu wa maneno. Lakini nilikuwa naye nikimfundisha. Alikuwa haifungi ili ikae imefungwa. Aliifunga ili moto ulale mpaka asubuhi, asubuhi aifungue.

Bi Mwanarusi: Siku hizi mafundi mna maneno kuliko mabomba.

Kenga: Nisamehe.

Bi Mwanarusi: Sikusema umekosea. [mkwaruzo] Yageuka upande gani?

Kenga: Kuelekea kibla. Kama alivyokuwa akifanya. Kwa mkono wa kushoto ni rahisi zaidi, nimeiweka hivyo.

Bi Mwanarusi: Na nitajuaje maji yamepanda?

Kenga: Kwa sikio. Pampu ikizungusha maji chini, hulia vile inavyolia sasa, kama huyo paka wako. Ikiyapandisha darini hubadilika pale pale, hulia nzito, kama mchukuzi aliyetwikwa gunia. Utaijua tu.

Bi Mwanarusi: Haya. Nakwenda. Usikate.

Kenga: Sikati.

[Simu inawekwa mezani. Nyayo. Zinasimama. Pampu, mvumo ule ule mwembamba. Bado. Bado. Nyayo.]

Bi Mwanarusi: Haloo.

Kenga: Nipo.

Bi Mwanarusi: Nimeifungua.

Kenga: Umeifungua, Bi?

Bi Mwanarusi: Nimeielekeza kibla. Ilikuwa ngumu kidogo, nikasema bismillahi, ikageuka yenyewe. Mkono wa kushoto, kama ulivyosema.

Kenga: Na maji?

Bi Mwanarusi: Yapanda. Yapanda mbio kama watoto waliofunguliwa chuoni. Ijumaa Chonga akitia mkono atadhani ni mchuzi.

Kenga: Hebu nisogezee simu tena pale kwenye pampu.

Bi Mwanarusi: Waya haufiki.

Kenga: Mwanzo ulifika.

Bi Mwanarusi: Umefupika. Nyumba ya zamani hii, vitu hufupika.

Kenga: Naisikia hata hapo ulipo. Bado paka.

Bi Mwanarusi: Yachukua muda.

Kenga: Haichukui muda, Bi. Nimekwambia ni pale pale.

Bi Mwanarusi: Basi sikio lako na langu ni ndugu.

[mluzi kwa mbali]

Kenga: Huyo ni Ogutu, tajiri anaegesha gari. Nina dakika tu. Bi, si hasira, si lawama. Leo pumzika. Kesho saa kama hizi nitapiga tena. Usiseme neno, shika tu simu, uisogeze kwenye pampu. Ikilia gunia, nitakata nifurahi. Ikilia paka, nitapiga keshokutwa asubuhi kabla ya sala. Na wewe ukipita hapo chini ya ngazi, gonga bomba. Gonga tu, kama yeye. Usianze na koki. Anza na—

Bi Mwanarusi: Krrr. Kenga? Haloo? Simu yakwaruza. Krrrr.

Kenga: Bi?

Bi Mwanarusi: Sikusikii, mwanangu. Laini yakatika. Ni kusi hili, latikisa nyaya. Krrr. Nisalimie Nyevu. Krrrr.

Kenga: Laini ni safi kabisa, Bi. Huo mkwaruzo unautoa kwa mdomo.

Bi Mwanarusi: Ni simu. Krrr. Wallahi ni simu.

Kenga: Bi Mwanarusi. Simu haivuti kamasi.